Ukulele Nne Dukani na Moja Mkobani: Uchambuzi wa Kisa

Usuli

Mhusika mkuu wa kisa hiki ni mwanamke mtu mzima aliyeanza kujifunza ukulele akiwa tayari na kazi na familia. Nitamwita mchezaji. Aliyefuatana naye dukani ni mtu aliyepiga gitaa na ukulele kwa muda mrefu kumzidi. Huyo nitamwita rafiki. Muuzaji atabaki muuzaji. Jina la duka, chapa za ala na chochote cha kumtambulisha mtu nimekiondoa. Mimi ni fundi wa ala za nyuzi na dukani sikuwepo. Ninayoyaandika yametoka kwenye daftari alilojaza mchezaji siku ile, maelezo ya wote watatu, na vipimo nilivyochukua mwenyewe baadaye, ukulele mbili zilipofika mezani kwangu. Ameniruhusu niandike.

Ukulele yake ya kwanza ilikuwa soprano, yaani ya saizi ndogo, ya plaiwudi. Urefu wa uzi unaolia, yaani kutoka kijiti cha shingoni hadi kijiti cha darajani, ulikuwa sm 34.5. Alikuwa ameitumia vya kutosha kujua kodi za kawaida (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na kuanza kudonoa nyimbo kwa vidole hadi freti za juu (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo). Kila wiki alikuwa akipiga pia kwenye kikundi cha waimbaji, na huko watu hupiga wakiwa wamesimama. Kumbuka hilo la kusimama.

Alikuwa na malalamiko matatu. La kwanza, kodi za F na G7 zilimkera sikioni hata baada ya kutyuni vizuri. La pili, D na E zilimbana: D inataka vidole vitatu vijipange kwenye freti ya 2, na E inataka vitatu hivyo hivyo kwenye freti ya 4 na kimoja tena kwenye freti ya 2. La tatu, noti za juu zilikufa upesi. Akayafunga yote kwenye hukumu moja: hii ni ukulele ya wanaoanza, imefika mwisho, sasa ninunue tenori, ile ya saizi kubwa, ya mbao nzima isiyo plaiwudi.

Katika malalamiko hayo, moja tu lilihitaji ala kubwa zaidi. Moja lingemalizwa na tupa ndogo. Lakini kabla ya kwenda dukani hakuna aliyeyatenganisha, na sehemu kubwa ya mafunzo ya kisa hiki inatokea hapo.

Ala zilizowekwa mezani

Muuzaji aliwatolea nne. Nitazipa herufi kama zilivyoandikwa daftarini.

A ilikuwa konsati, saizi iliyo kati ya soprano na tenori, ya plaiwudi ya mahogani, urefu wa uzi sm 38, nyuzi za fluorokaboni zilizoonekana mpya. B ilikuwa tenori ya sm 43, uso wa mbao nzima ya sprusi, mgongo na mbavu za plaiwudi. C ilikuwa tenori ya koa tupu (mti wa Hawaii), mbao nzima kila upande, inang'aa, na uzi wake wa nne ulikuwa G ya chini uliozungushiwa waya. Bei yake ilizidi mara mbili ya yoyote kati ya zile nyingine. D ilikuwa tenori ya mahogani nzima isiyo na mng'aro, imekaa ukutani hadi vumbi limejikusanya chini ya nyuzi, na nyuzi zenyewe nailoni zilizochoka.

Ya tano ilikuwa ile soprano yake, mkobani. Rafiki ndiye aliyesisitiza waibebe. Mchezaji aliona aibu kuitoa mbele ya zile nyingine, na kwa kweli iliendelea kukaa mkobani kwa sehemu kubwa ya saa ya kwanza.

Siku ya dukani, hatua kwa hatua

Hakungoja. Alichukua C na kuicharaza kodi ya C mara moja, sauti ikajaa chumba. Daftarini ameandika neno moja, "LOO!", amelipigia mstari. Kisha akashika D na kupiga kodi ileile. Ilitoa sauti butu, iliyolegea, kama inatoka chini ya blanketi. Muuzaji akamwambia, "Hiyo nayo mbao nzima, dada. Ukiipiga itafunguka." Mchezaji akairudisha ukutani. Kwa upande wake D ilikuwa imeshatolewa mashindanoni.

Hapo rafiki akaingilia. "Kaka, tuombe tyuna," alimwambia muuzaji, naye akaleta kile kifaa kinachobanwa kwenye kichwa cha ukulele na kuonyesha kama sauti iko juu au chini. Wakakuta D iko chini karibu nusu toni kamili (hatua ya freti moja), na si nyuzi zote kwa kiasi kimoja. A ilikuwa sawa. B ilikuwa juu kidogo. C ilikuwa sawasawa. Ni dhahiri kwamba ndiyo iliyoshikwa na kutyuniwa kila mteja anapoingia. Walizitia zote kwenye G, C, E, A, huku noti ya A ikiwa herzi 440, na ukulele D ikawalazimu kurudia mara kadhaa kwa sababu nailoni ikikazwa baada ya kulegea kwa muda mrefu huendelea kunyumbuka na kushuka. Ilipotulia, ukutani haikurudi tena.

Kisha rafiki akaweka utaratibu. Kila ukulele ingepigwa kitu kilekile: C, Am, F, G7 kwa mwendo wa polepole, kidole gumba bila kucha, juu ya mahali shingo inapokutana na mwili, halafu noti mojamoja kwenye kila uzi hadi freti ya 12. Mchezaji angepiga kwanza. Baadaye rafiki angepiga mwenyewe, naye mchezaji asimame hatua nne au tano mbele yake, amegeuka asione.

Waliporudia kwa mpangilio huo, C bado iliongoza, naye rafiki akashtukia jambo. G ya chini ya ukulele C iko oktavo nzima (freti 12) chini ya G ya zile nyingine. Nyuzi za ukulele kwa kawaida hazishuki kwa mfululizo: uzi wa nne, ulio karibu na kidevu, ni G iliyo juu kuliko C na E, na ndiyo maana ukulele inachangamka vile. Ukiweka G ya chini, unaongeza noti tano za besi ambazo ala nyingine hazina kabisa. Sikio la mtu aliyezoea soprano likisikia hivyo linasema "mbao nzuri", kumbe linasikia uzi. Rafiki akaanza upya, safari hii akipiga nyuzi tatu tu, C, E na A, ule wa nne ameuziba kwa kidole. Mchezaji amegeuka.

Matokeo yakapinduka. B ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote, lakini rafiki alipopiga taratibu ilipwaya. Mchezaji alichagua D mara nyingi kuliko nyingine, A ikifuata. C aliiweka ya tatu, na alipogeuka akaona ni ipi, alikasirika kidogo. Akaomba jaribio lirudiwe. Likarudiwa, na mambo yakawa karibu vilevile.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha freti ya 12. Freti hiyo iko katikati ya uzi. Ukigusa uzi juu yake bila kuukandamiza na kuudonoa, unapata hamoniki, sauti ya kengele iliyo oktavo juu ya uzi mtupu. Ukikandamiza palepale na kudonoa, noti inapaswa kuwa ileile. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayokuambia kama ala inaimba kwa usahihi shingo nzima. Tofauti hiyo hupimwa kwa senti: nusu toni moja ina senti 100. Zikipungua 5 watu wengi hawazitambui. Kwa tyuna, A na B zilikuwa ndani ya senti 5 kwenye nyuzi zote. D vilevile, ila uzi wa C ulipanda kwa senti 7. Kwenye C ya koa, uzi wa A ulikuwa juu kwa senti 12.

Walipima pia freti ya 1. B ilikuwa juu kwa takriban senti 15 kwenye nyuzi mbili. Ndipo mchezaji, kwa hiari yake sasa, akatoa soprano mkobani na kuipima. Uzi wa E kwenye freti ya 1 ulisoma juu kwa senti 22. Noti hiyo ni F. Imo ndani ya kodi ya F na ndani ya G7. Kwenye freti ya 12 soprano ilikuwa juu kwa senti 6 tu.

Daftarini chini ya tarakimu hizo ameandika, "Kwa hiyo sikio langu halikuwa na kosa." Ni kweli. Ila tarakimu hizo zilikuwa zinasema jambo la pili, ambalo siku hiyo halikusomwa.

Uamuzi na sababu zake

C iliondolewa kwa bei na kwa zile senti 12. B iliondolewa kwa sababu mchezaji hakupenda jinsi ilivyopwaya ikipigwa taratibu, naye hupiga taratibu zaidi. Zikabaki A na D, konsati ya plaiwudi na tenori ya mahogani.

Rafiki aliegemea D kwa sababu ya nafasi ya vidole, na hesabu iko upande wake. Pengo la freti hupungua kwa uwiano uleule kwenye kila ukulele, kwa hiyo urefu wa uzi ndio unaoamua kila kitu. Chumba cha freti ya 4, pale vidole vitatu vya kodi ya E vinapobanana, kina karibu mm 16 kwenye soprano ya sm 34.5, karibu mm 18 kwenye konsati ya sm 38, na kama mm 20 kwenye tenori ya sm 43. Pia shingo ya D ilikuwa pana: mm 38 kwenye kijiti cha shingoni, wakati A na soprano zilikuwa mm 35. Ukijumlisha urefu na upana, kidole kinene kinapata mahali pa kukaa bila kumgusa jirani. Mchezaji alijaribu E kwenye zote mbili akiwa ameketi kwenye kiti cha duka. Kwenye D ilitoka safi mara ya kwanza.

Sababu ya pili ya kuchagua D ilikuwa "mbao nzima". Nitairudia mbele.

Kabla ya kulipa, rafiki aliomba mambo mawili: nyuzi zibadilishwe kuwa fluorokaboni, na mchezaji apewe siku saba za kurudisha ala ikiwa haijakwaruzwa. Muuzaji alikubali yote. Aliombwa pia abadilishe uzi wa A wa ile C ili wapime tena, hilo akalikataa, akasema hawezi kufungua seti kwa ajili ya kujaribu. Sina ugomvi naye kwa hilo. Duka likianza kubadilisha nyuzi kwa kila anayeuliza, halitauza kitu.

Yaliyofuata nyumbani

Kwa nyuzi mpya D ilibadilika kabisa. Ule ubutu wa mwanzo uliondoka. Nyuzi ziliendelea kunyumbuka kwa siku kadhaa, kama ilivyo kawaida yake, kisha zikatulia. Kodi za D na E zilimtoka bila jasho. Noti za juu zilidumu. Kwa kukaa nyumbani na kudonoa, mchezaji alipata alichotafuta.

Kikundini mambo yalikuwa tofauti. Soprano hubanwa kifuani kwa mkono wa kulia ikakaa, ni nyepesi na fupi. Tenori ina shingo ndefu inayovuta chini, na D haikuwa na kitufe cha mkanda. Akisimama, mkono wa kushoto ulilazimika kufanya kazi mbili, kushika kodi na kubeba shingo. Gumba lilijibana nyuma ya shingo, kiwiko kikanyanyuka, na baada ya nyimbo chache kifundo cha mkono kiliuma. Kuna lingine. Kama uzi ungekuwa uleule na noti ileile, kuurefusha kutoka sm 34.5 hadi sm 43 kunahitaji mkazo ulioongezeka kwa zaidi ya nusu, maana mkazo hukua kwa mraba wa urefu. Watengenezaji wa nyuzi hupunguza tofauti hiyo kwa kubadilisha unene, lakini haifutiki. Kodi ya B-flat, inayolaza kidole cha shahada juu ya nyuzi mbili za freti ya 1, ilimchosha kuliko zamani.

Ndipo alipokuja kwangu, na siku zake za kurudisha zilikuwa zimekwisha. Alileta zote mbili. Niliweka vitufe viwili kwenye tenori, kimoja kwenye kisigino cha shingo na kingine mkiani, mahali ambapo ndani kuna gogo la mbao la kushikilia skrubu. Kisigino kimoja bila mkia hakisaidii kitu, ala inazunguka. Kwa mkanda, mkono wa kushoto ukaachiliwa.

Soprano niliichunguza kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya. Unakandamiza uzi kwenye freti ya 3, kisha unatazama nafasi kati ya uzi na freti ya 1. Mimi hupenda nafasi ya karatasi moja, pengine mbili nyembamba. Yake ilikuwa karibu nusu milimita kwenye uzi wa E, na nyuzi nyingine hazikuwa mbali. Maana yake mifereji ya kijiti cha shingoni haikuchimbwa vya kutosha tangu kiwandani. Uzi unapokaa juu namna hiyo, kuukandamiza kwenye freti ya 1 ni kuuvuta pia, na uzi ukivutwa unapanda. Freti za mbele haziathiriki sana kwa sababu kijiti kiko mbali. Niliushusha kila mfereji kwa tupa nyembamba, mvuto mmojammoja, nikipima katikati, maana mfereji ukizidi kina uzi utalia kwa kugonga freti na kijiti kitabidi kibadilishwe. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko maelezo haya. F ilishuka kutoka senti 22 hadi 4.

Aliipiga F, kisha G7, kisha F tena. "Kumbe hii ilikuwa nzima siku zote?"

Nzima kasoro kijiti, ndiyo.

Miezi michache baadaye alirudi na tatizo la tatu, dogo: ncha za freti za tenori zilikuwa zinakwaruza kiganja akitelezesha mkono. Chumba anachoihifadhi hukauka sana. Ubao wa vidole unapopoteza unyevu husinyaa, chuma cha freti hakisinyai, ncha zikatokeza pembeni. Mbao nzima hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60. Nilizisawazisha ncha na kumshauri aihifadhi ndani ya kasha pamoja na kipimo cha unyevu, si ukutani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa kuziba uzi wa nne. Kulinganisha ala maana yake ni kuacha kitu kimoja tu kitofautiane, na dukani vitu vyote hutofautiana kwa pamoja: ukubwa, mbao, aina ya nyuzi, umri wa nyuzi, kimo chake, hata nani aliishika mwisho. Huwezi kuvisawazisha vyote. Unaweza kuondoa kile kinachopiga kelele kuliko vyote, na siku ile kilikuwa G ya chini. Bila hilo, angeondoka na C, na nyumbani angekuta kwamba nyimbo anazozipiga zimeandikwa kwa G ya juu.

Kugeuka mgongo kulisaidia kwa sababu mbili. La kutoona mng'aro ni dhahiri. Lisilosemwa sana ni kwamba ukulele hutoa sauti yake mbele, kupitia uso na tundu lake, wakati mpigaji anaisikia kutoka juu na nyuma. Sprusi ya B ilimfikia rafiki aliyeishika kwa namna moja na mchezaji aliyesimama mbele kwa namna nyingine kabisa. Anayenunua ala ya kupigia watu ana haja ya kusikia wanachosikia wao.

Kutyuni kabla ya kuhukumu ni jambo dogo, na hata hivyo D ilikuwa imeshapoteza nafasi yake kwa sababu hiyo tu. Hata baada ya kutyuniwa, bado ilishindana ikiwa na nyuzi zilizokufa dhidi ya nyuzi mpya. Ilishinda licha ya hilo, na matokeo hayo nayaamini kuliko mengine yote ya siku ile.

Kilichoshindwa kiko kwenye tarakimu za soprano. Zilisoma senti 22 kwenye freti ya 1 na 6 kwenye freti ya 12. Makosa yakiwa makubwa mwanzoni mwa shingo na kupungua mbele, tatizo liko kwenye kijiti cha shingoni, na kijiti huchongwa. Ilikuwa hivyohivyo kwa B, ambayo nayo haikustahili kuwekewa alama mbaya kwa senti zake 15. Makosa yakikua kadiri unavyopanda, kama kwenye C, ndipo pa kuogopa. Kurekebisha senti 12 kwenye freti ya 12 ya uzi wa sm 43 kunadai kusogeza sehemu uzi unapoanzia darajani kwa karibu mm 3 kwenda nyuma. Kijiti cha darajani chenyewe kwa kawaida kina unene wa hizo mm 3 au chini yake, na huwezi kuutumia wote. Itabidi uguse daraja. Lakini uzi mmoja tu ndio uliokosea, na uzi uliochakaa au wenye unene usio sawa hutoa kosa lilelile. Bila kubadilisha ule uzi wa A, hakuna aliyejua kama C ilikuwa na kasoro ya kudumu au ilidhulumiwa. Kuikataa kwa bei kulitosha. Kuikataa kwa kasoro hakukuthibitishwa, na daftarini sababu hiyo ndiyo imeandikwa kwanza.

Kuhusu bei yenyewe ya koa niseme neno. Mti huo kwa asili huota Hawaii pekee. Maseremala wa Madeira, kisiwa cha Ureno, waliofika Honolulu kwa meli ya Ravenscrag mwezi Agosti 1879, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ndio wanaotajwa kuwa mafundi wa mwanzo wa ala hii, na koa ya visiwani ikawa mbao yake ya heshima tangu enzi zao. Anayelipia koa analipia uhaba na historia hiyo pamoja na sauti. Si vibaya kulipia historia, ilimradi ujue ndiyo unayolipia.

Jambo la pili lililoshindwa ni kiti. Kila alipopiga mwenyewe dukani mchezaji alikuwa ameketi, ilhali nusu ya upigaji wake ni wa kusimama. Dakika mbili za kusimama dukani zingeonyesha shingo inakoelekea. Pengine angeinunua D vilevile, ila angeondoka nayo ikiwa na vitufe, na siku saba za kurudisha zingetumika kwa kazi yake. Siku hizo alizipitisha nyumbani, kwenye kochi.

Tunaloendelea kubishania mimi na rafiki ni A. Mimi nasema soprano ikishachongwa kijiti, lililobaki ni nafasi ya vidole na noti za juu, na konsati yenye upana mzuri zaidi wa shingo ingetosha bila kumletea uzito, mkazo na unyevu wa kuchunga. Plaiwudi ya A ilishika nafasi ya pili kwa sikio la mtu aliyegeuka, ikizipita mbao mbili za bei zaidi; hoja ya "mbao nzima" haikujengwa na majaribio yao, waliingia nayo dukani. Yeye hujibu kwamba A ilikuwa na shingo ya mm 35 kama soprano, na E haikumtoka. Hapo ana haki, mkono ulioshindwa ulikuwa wa mchezaji na si wangu. Huongeza kwamba mchezaji anazidi kudonoa kwenye freti za juu, na huko tenori haina mpinzani kati ya zile nne.

Mchezaji mwenyewe hajaingia kwenye ubishi huu. Soprano huenda nayo kikundini, tenori hubaki nyumbani kwenye kasha. Wiki iliyopita aliniuliza kama anaweza kuitia tenori G ya chini. Nimemwambia aanze na uliozungushiwa waya, kwa kuwa ni mwembamba kuliko ule usio na waya wa noti hiyohiyo na huenda ukakaa kwenye mfereji uliopo. Ule usio na waya utalazimu mfereji upanuliwe, na mfereji uliopanuliwa haurudi.